King'ora Huita, Hakifungui Mlango



Wiki hii naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda likaonekana ni la mafundi kuliko la masheikh: vile vyombo vya kulinda nyumba, king'ora cha mwizi na king'ora cha moshi, ambavyo siku hizi vimeanza kuingia katika nyumba zetu za Kisauni, Likoni na Changamwe. Sikusudii kuvikataza. Changu nilicho nacho darini nakishukuru. Nakusudia kueleza uwezo wake unakomea wapi, kwa sababu nilikuja kuujua mwisho wake usiku mmoja, nikiwa nimesimama gizani ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mwanangu afanyaye kazi Ghuba alipokuja likizo alituletea vyombo hivyo, kimoja cha mlangoni na kimoja cha mviringo, mfano wa kisahani, cha kubandikwa darini. Akakifunga ukumbini, akakijaribu, kikalia hadi kuku wa jirani wakaruka. Alhamisi ya kwanza mke wangu akatia udi kwenye chetezo kama ilivyo desturi yetu usiku wa Ijumaa, kikalia. Alhamisi ya pili, hali ni ile ile. Alhamisi ya tatu kikanyamaza, nami nikadhani kimeizoea harufu ya nyumba. Kumbe betri zake zilikuwa zimehamishiwa kwenye saa ya ukutani! Miezi mitatu tulilala tukiamini kuwa tunaye mlinzi, na mlinzi mwenyewe hana roho.

Betri tukazirudisha. Kisha ukaja usiku mmoja wa Kaskazi, madirisha wazi kwa ajili ya joto, umeme umekatika, yapata saa nane. King'ora kikalia, na ukumbi umejaa moshi. Baadaye tulijua kuwa moshi ule ni wa jaa la taka lililokuwa likifukuta nyuma ya nyumba. Lakini wakati ule hatukujua; tuliamini nyumba inaungua. Mlango wetu una kitasa na komeo, na mbele yake geti la chuma lenye kufuli mbili. Funguo ziko wapi? Mke wangu akasema juu ya friji. Mimi nikasema mfukoni mwa kanzu. Nazo zilikuwa mkobani mwa binti yetu, aliyekuwa wa mwisho kuingia akitoka arusini. Sikutazama saa, lakini najua niliisoma Ayatul Kursiy nikaimaliza mara tatu huku nikipapasa. Na mjukuu wetu wa miaka minane alikuwa amelala chini ya kelele zile kana kwamba hapakuwa na lolote, mpaka bibi yake alipomwita kwa jina lake. Hapo akainuka mara moja.

Asubuhi, tulipotoka msikitini baada ya Alfajiri, jirani yangu akaniambia, “Sheikh, tulikisikia. Tukadhani ni gari la mtu.”

Kile chombo kilifanya kazi yake yote usiku ule. Kilituita. Lakini hakikuzitafuta funguo, hakikumwamsha mtoto, wala hakikumleta jirani. Mambo hayo matatu yalibaki kuwa yetu, nasi hatukuwa tumeyaandaa.

Tuanze na mlango. Imepokewa katika Sahihi mbili kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaamuru watu, usiku unapoingia, waifunge milango kwa kulitaja jina la Mwenyezi Mungu, na wazizime taa wanapolala, kwani panya aweza kuuburura utambi akawaunguza wenye nyumba. Na Abu Musa (r.a.) ameeleza kuwa nyumba moja iliungua Madina usiku pamoja na watu wake, khabari ilipomfikia Mtume alibainisha kuwa moto ni adui wa watu, akaamrisha uzimwe kabla ya kulala. Hata mbele yake mwenyewe, kwa mapokezi ya Abu Daud kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), panya aliwahi kuvuta utambi akautupa juu ya mkeka alioukalia, pakaungua mahali kiasi cha dirhamu.

Tazameni jinsi amri zile zilivyokuja pamoja: funga mlango, zima moto. Sisi leo tumeishika ile ya kwanza kwa kufuli tatu na nondo madirishani, na ile ya pili tumekiachia chombo kilicho darini. Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, amefafanua kwamba taa iliyotundikwa mahali salama, ambapo khofu ya moto haipo, haina ubaya kuachwa ikiwaka, kwa kuwa sababu ya katazo imeondoka. Hukumu, basi, huzunguka na sababu yake. Kama ni hivyo, tujiulize: mlango uliofungwa ili kuilinda roho, siku utakapokuwa ndio unaoizuia roho isitoke, bado ni ulinzi?

Nchi yetu ililijibu swali hili kwa msiba. Machi 1998 wasichana 26 walikufa bwenini katika shule ya sekondari ya Bombolulu kule Kwale, ambayo si Bombolulu yetu hii ya Kisauni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yana vyuma. Vyuma vile viliwekwa kwa nia njema, kuwalinda mabinti wa watu. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika bweni la Kyanguli, Machakos. Moto uliwashwa kwa makusudi, na huko nako madirisha yalikuwa na vyuma na mlango mmoja umefungwa. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo wa usalama wa shule: madirisha ya mabweni yasiwe na vyuma, milango ifunguke kwa nje, na bweni lisifungwe kwa nje wakati wanafunzi wamo ndani.

Mabweni yana mwongozo na wakaguzi. Nyumba zetu mkaguzi wake ni baba na mama. Na hapa naomba radhi kwa waume wenzangu, kwani nitasema wazi. Wako miongoni mwetu wanaokwenda zamu ya usiku, bandarini au viwandani, wakafunga geti kwa nje na kuondoka na ufunguo, mke na watoto wamo ndani. Wako mama wanaowafungia watoto ili wakimbilie sokoni mara moja. Nia ni kuwalinda, nalijua hilo, na wizi mitaani kwetu si hadithi. Lakini mke na watoto ni amana, na mwenye amana haondoki na ufunguo wa uhai wa aliyewekewa. Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ametukataza kujitia katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe; seuze kuwatia wengine.

Ifanywe hivi. Nakala moja ya funguo zote ikae ndani, mahali pamoja pasipobadilika, karibu na mlango, ambapo hata mtoto atafikia, lakini mbali na dirisha, kwani wezi wa kuvua kwa fimbo mnawajua. Fundi wa kuchomelea aweza kukata nondo za dirisha moja akazitia bawaba, zikafunguka kwa ndani. Tena, usiku mmoja wa salama, zimeni taa zote mjaribu kutoka. Mtashangaa mtakayoyagundua. Na milango ya vyumba ifungeni mnapolala, bila kuitia kufuli: wazima moto wa leo wanasisitiza kuwa mlango uliofungwa huchelewesha moshi na moto kuingia chumbani.

La pili ni mtoto. Mwaka 2006, katika jarida la Pediatrics la Marekani, watafiti wa Ohio walieleza walivyowajaribu watoto 24 wa miaka sita hadi kumi na miwili wakiwa katika usingizi mzito. Mlio wa kawaida wa king'ora uliwaamsha 14. Sauti ya mama iliyorekodiwa, ikimwita mtoto kwa jina, iliwaamsha 23. Na hao wa sauti ya mama, wastani wao uliamka ndani ya sekunde 20, ilhali kwa mlio wa kawaida ni dakika tatu. Niliposoma khabari hii nilimkumbuka mjukuu wangu. Kwa hivyo, mama mpenzi, usiseme king'ora kitawaamsha. Amueni mapema nani atakwenda kwa mtoto yupi, nani atambeba mchanga, nani atamshika mkono bibi asiyesikia vizuri.

Yako pia mambo ambayo kile kisahani hakiyajui kabisa. Gesi ya kupikia ikivuja ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini sakafuni, na kitambuzi cha moshi kilicho juu hakina khabari nayo. Pua yako ndiyo king'ora: ukiisikia harufu yake usiwashe kiberiti wala taa, funga valvu ya mtungi, fungua milango na madirisha, wapeleke watu nje. Vilevile jiko la makaa likiingizwa chumbani, hata makaa yakishashika na moshi umekwisha, hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksidi. Kitambuzi cha moshi hakiitambui, na aliyelala haamki. Tena chombo kilichowekwa karibu na jiko la kukaangia mahamri na viazi karai kitalia kila siku hadi mwenye nyumba akichukie. Mahali pake ni ukumbini na karibu na vyumba vya kulala. Kijaribuni kwa kubonyeza kila mwezi, na betri yake isiazimwe na saa, rimoti wala mwanasesere. Na ukitia udi, fungua dirisha.

La tatu ni jirani. Ndugu zetu wa Likoni hawahitaji kuambiwa: gari la zimamoto likitoka kisiwani, ama lisubiri feri ama lizunguke njia ya Dongo Kundu. Huku kwetu liko daraja la Nyali na msongamano wake, na baada ya daraja ziko njia zisizopitisha hata mkokoteni. Atakayefika kwanza ni mtu wa mlango wa pili. Tarehe 14 Juni 2017, katika Ramadhani, jengo la Grenfell la London liliungua usiku, wakafa watu 72. Jengo lile halikuwa na king'ora kimoja cha kuwaita wakaazi wake wote. Magazeti yalieleza jinsi Waislamu waliokuwa macho wakingojea daku walivyokwenda kugonga milango ya majirani wao, wa dini yao na wasio wa dini yao. Mtume (S.A.W.) ametueleza kuwa Jibril aliendelea kumuusia juu ya jirani hata akadhani atamrithisha.

Basi Ijumaa hii, baada ya sala, au jioni barazani, au katika chama chenu cha akina mama, kubalianeni alama moja. Sisi mtaani tumeamua ni kupiga sufuria kwa mwiko na kutaja jina la nyumba: “Moto kwa fulani!” Gari halipigiwi sufuria, hakuna atakayekosea. Na jirani mmoja mnayemwamini ajue kama ndani yuko mgonjwa au mkongwe asiyeweza kutembea.

Mwenye uwezo na anunue king'ora. Ni katika kushika sababu, na kushika sababu hakupingani na kumtegemea Mola. Ila asinunue usingizi. Mimi funguo zangu sasa ziko kwenye msumari mmoja kando ya mlango, na kila usiku mke wangu hunisikia nikizigusa kabla ya kusoma dua ya kulala.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zenu na waliomo, awarehemu waliotangulia kwa moto, na awape subira wazazi wao. Aamin. Wabillahi tawfiq.