MCHEZA MPIRA NAYE NI MFANYAKAZI



Sisi wa reli hapa Kisumu twajua kwamba kazi ina ngazi. Kijana huanza kwa kupaka mafuta na kushika spana, baadaye huwa fundi, na akizeeka hufundisha wengine. Njia nzima hiyo ana barua ya kazi, na mwisho ana haki zake. Je, mcheza mpira ana nini?

Mtazameni marehemu Joe Kadenge. Miaka ya 1960 Kenya nzima ilimjua, na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela aliligeuza jina lake kuwa msemo, "Kadenge na mpira". Alichezea Abaluhya na timu ya taifa, kisha akawa mwalimu wa mpira, hata mwaka 2002 akawafundisha Harambee Stars. Lakini mtu huyu aliyejaza viwanja aliendesha teksi Nairobi ili apate riziki. Alipofariki Julai 2019 alisifiwa kila mahali. Sifa ni njema, ila hazilipi kodi ya nyumba.

Ikiwa nyota alipata hayo, yule asiye na jina atapata nini? Twawaona vijana wetu wakihama kutoka Muhoroni kwenda Chemelil, kutoka Chemelil kwenda Awendo. Timu ya kampuni ilikuwa na faida, maana wengine walipewa na kazi pia. Lakini kiwanda kikiugua, timu hufa kwanza. SoNy Sugar ya Awendo ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2006. Mwaka 2019 ilitolewa katika ligi, kwa kuwa haikuwa na fedha ikakosa kufika mechi tatu.

Kisha goti huharibika, na mchezaji huwa mwalimu. Timu ikishinda apigiwa makofi. Ikishindwa mara tatu afukuzwa bila notisi.

Wako wasemao mpira ni mchezo tu, si kazi. Hatukubali. Wachezaji wa Uingereza waliunda chama chao mwaka 1907. Mshahara wao ulikuwa umewekewa mpaka, na mwaka 1961 mpaka huo ulikuwa pauni 20 kwa juma. Waliposhikamana na kutaka kugoma, mpaka ukaondolewa mwaka huo huo.

Hapa Kenya wachezaji wana chama chao, KEFWA. Basi twashauri hivi:

1. Kila mchezaji na kila mwalimu awe na mkataba wa maandishi, na nakala yake mkononi.
2. Timu ilipe NSSF, na aumiaye uwanjani alipwe kama sisi tuumiapo karakana.
3. Mchezaji asomee leseni ya ualimu angali ana nguvu, asingoje goti limwambie.

Kisumu tumejengewa uwanja mkubwa Mamboleo, na Madaraka ya 2021 ilisherehekewa hapo. Twashukuru. Lakini uwanja bila haki za wachezaji ni kama stesheni bila treni. Wachezaji na waalimu, jiungeni na chama. Sisi wa reli tu pamoja nanyi.