Alama Shingoni mwa Baba Neema

Mwezi huu naanza na ya nyumbani kwangu mwenyewe, maana mficha uchi hazai.

Novemba mwaka jana mume wangu alikwenda Nairobi kwenye semina ya siku tatu. Akarudi Alhamisi jioni, akala, akalala. Ijumaa asubuhi anafunga tai mbele ya kioo, nikaona mstari mwekundu shingoni, chini kidogo ya sikio.

"Baba Neema, hicho nini?"

Akajipapasa. "Sijui, kinawasha tu. Labda mdudu."

Mdudu! Wanawake wenzangu, mnamjua mdudu huyo. Mdudu wa semina, anayepaka rangi ya mdomo. Sikusema neno. Nikamtengea chai, nikaondoka nimenuna. Mchana nikampigia shoga yangu, naye badala ya kunituliza akaniuliza kama nimeshaikagua simu.

Usiku nikaiomba hiyo simu. Akanipa bila kusita, na hilo nalo likanipa wasiwasi! Baada ya picha za semina nikakuta tatu za ukuta mtupu. Za nini hizi?

"Si nilikwambia mdudu? Jumatano usiku naandika ripoti karibu na taa, kitu kikanitembea shingoni, nikakifuta kwa kiganja. Halafu nikamwona mwenzake ukutani. Nikapenda rangi zake, nikampiga picha."

Mbili zilikuwa doa jeusi tu. Ya tatu alikuwa amesogea karibu na mkono umetulia. Tukaikuza, vichwa viwili juu ya kioo kimoja, mara ya kwanza siku nzima kukaa karibu. Miguu sita, kwa hiyo ni mdudu kweli. Buibui na kupe wazima wana minane. Mwili mwembamba, hauzidi sentimita moja. Kichwa cheusi, kifua cha rangi ya chungwa, kisha mabawa mafupi yanayong'aa kibuluu, kisha chungwa tena, na ncha nyeusi.

Tukaiweka picha kwenye iNaturalist, programu ambayo watu hupeleka picha za viumbe na wengine wakasaidia kuwatambua. Jibu: Paederus. Wenyeji wa Nairobi wanamwita Nairobi fly, ingawa si nzi hata kidogo, ni jamii ya mbawakawa.

Kumbe mdudu huyu hang'ati wala hachomi. Sumu yake, pederini, imo ndani ya mwili wake, na inatoka ukimponda. Ngozi haionyeshi kitu papo hapo. Alama huja baada ya saa 12 hadi 36, mara nyingi kwa mstari, kule ulikomfutia. Nikahesabu kwa vidole: Jumatano usiku mpaka Ijumaa asubuhi. Hesabu ikakubali. Jumamosi malengelenge yakatoka, na daktari akathibitisha. Akatuambia pia kwamba ngozi mbili zinazogusana, kama kwenye kiwiko, huambukizana alama hiyo, na madaktari wanaziita alama za busu. Baba Neema akanitazama. Mimi nikatazama dirishani.

Basi, ukimkuta akikutembea, usimpige. Mpulize, au mwache apande kwenye karatasi umtoe nje. Akipondeka, osha kwa maji na sabuni haraka, na usiguse macho kabla ya kunawa. Sumu ikiingia jichoni, nenda hospitali. Anafuata mwanga, na huwa wengi baada ya mvua, kwa hiyo punguza taa usiku na ulale ndani ya chandarua. Usimchukie sana, shambani anakula wadudu waharibifu.

Na picha je? Sogea mpaka mdudu ajaze nusu ya kioo, kisha gusa kioo pale alipo ili simu ilenge yeye na si ukuta. Piga ya juu, ya ubavuni na ya usoni. Weka sarafu kando ili ukubwa ujulikane. Andika mahali, tarehe na saa, kwani mdudu wa Mbeya si lazima awepo Tanga. Hesabu miguu, angalia mabawa na papasi. Na ukubali kwamba picha ina mpaka. Paederus wako wa mamia ya aina, na wengi wao hutofautishwa kwa hadubini tu. Sisi tuliishia kwenye jina la ukoo, likatutosha.

Jumapili, nikimpaka dawa shingoni, mume wangu akauliza taratibu, "Mama Neema, kama nisingempiga picha yule mdudu, ungeniamini?"

Msomaji wangu, nilitamani kusema ndiyo. Miaka saba ya ndoa, mtoto mmoja, na mwanaume hajawahi kunipa sababu. Lakini nilikuwa nimeshamhukumu kwa kumtazama kwa mbali, kabla chai haijapoa. Nikamwomba radhi. Alinisamehe, ila jibu la swali lake bado namdai mwenyewe nafsini.

Wewe je, ungejibuje? Mwulize mwenzio leo, mkiwa mmekaa karibu. Tukutane mwezi ujao.