Mandari ya Jumamosi: kutoka Ansab hadi Maskati ya kale



Safari hii safu ya matembezi haiendi mbali. Tunaanzia Ansab asubuhi, tunateremka Matrah kutembea na kula, tunamalizia Maskati ya kale, na ikifika saa nane mchana kila mtu yuko kwao. Ni njia ambayo wengi wetu tumeshaipita mara nyingi na wazee wetu. Tofauti ni moja: tunapokwenda sisi kwa sisi, sharti ni Kiswahili kitupu, tangu mlango wa gari unapofungwa Ansab mpaka tunaporudi. Sharti hilo limetuonyesha jambo ambalo darasani halikuonekana, na ndilo tunalotaka kuwaeleza.

Kwanza jina. Kwenye simu tulikuwa tukiandikiana "rihla", na chakula chenyewe, kile cha kati ya asubuhi na mchana, tukikiita kwa Kiingereza kama kinavyoandikwa kwenye mikahawa. Siku moja mwenzetu alimuaga bibi yake kwamba anatoka na wenziwe, wamechukua chakula, watakula kando ya bahari kisha watembee. Bibi akasema, "Aa, mnakwenda mandari." Tukafungua kamusi, neno tukalikuta limekaa linatungoja: matembezi ya kujifurahisha, watu na chakula chao. Tukalipokea hapo hapo. Chakula tumekubaliana kukiita staftahi, ingawa wapo wanaoshikilia chamshakinywa. Bibi zetu hawana mjadala. Hata iwe saa nne, hiyo ni chai. "Ushakunywa chai?" maana yake umeshakula, na ukijibu ndiyo kwa ajili ya kikombe kitupu, utaletewa chapati upende usipende.

Pili siku na saa. Tangu Mei 2013 mapumziko ya wiki Oman ni Ijumaa na Jumamosi, badala ya Alhamisi na Ijumaa. Ijumaa ni ya msikiti na chakula cha ukoo mzima, haiombewi ruhusa. Jumamosi ndiyo yetu. Na saa huandikwa kwa Kiswahili: saa moja ni jua limetoka sasa hivi. Mwenzetu mmoja aliambiwa saa mbili, akaihesabu kwa Kiarabu, akajitayarisha kwa mchana. Alipopiga simu kuuliza tuko wapi, sisi tulikuwa tunakunja mikeka. Tangu siku hiyo anaijua saa ya Kiswahili kuliko sote.

Ansab, kwa wasiopajua, ni mtaa wa wilaya ya Bawshar, nyuma ya Ghala. Wageni hupita tu barabara kuu bila kusimama. Lakini pana mabwawa ambayo maji yake ni maji taka yaliyosafishwa, na ndege wameyapenda. Majira ya baridi ndiyo wakati wake, ndege wanapohama kutoka kaskazini. Baadhi yao hupumzika Oman kisha huendelea hadi Afrika Mashariki bila pasi wala viza. Uliza kwanza siku na saa za kuingia, uende na darubini. Sisi tulikwenda na kamusi pia. Wale warefu wa waridi wanaitwa heroe. Wale weupe wanaofuata ng'ombe huko Unguja ni yangeyange. Kati ya watu tisa, hakuna aliyekuwa na hata jina moja kati ya hayo mawili, na sote tumelelewa na watu wanaosema Kiswahili kutwa.

Hapo ndipo jambo lenyewe linapoanza. Tukiingia kwenye gari kuelekea Matrah, robo saa ya kwanza ni kimya. Si kwa sababu hatujui lugha. Tunaielewa yote, tunacheka panapochekesha. Lakini Kiswahili tulicholelewa nacho ni cha kuambiwa: njoo, kaa, kula, funga mlango, mwamkie ami yako, ushasali? Tuliambiwa kwa Kiswahili, tukajibu kwa Kiarabu, na wazee wakaridhika kwamba tumesikia. Kwa hiyo tuna maneno yote ya jikoni na ya adabu, na hatuna maneno ya watu wenye umri wetu. Namna ya kumwambia dereva apunguze mwendo. Namna ya kumtania shoga yako bila kumuudhi. Namna ya kusema mtihani umekushinda na unaogopa kumwambia baba. Tuna miaka ishirini, na Kiswahili chetu kina miaka saba.

Gari hulazimisha. "Kata kulia." "Egesha hapo, kwenye kivuli." Ule mzunguko wa barabara tunaouita duwar, mwenzetu aliyekaa Dar es Salaam anauita kipilefti, na neno hilo limetuchekesha mpaka tukaupita mzunguko wenyewe. Barabara ikiwa tupu ni kama nusu saa hadi Matrah, na tukifika midomo imeshapata moto.

Matrah tunaanza na soko la samaki kabla jua halijapanda. Jengo jipya lilifunguliwa 2017, lenye paa la vyuma vyembamba linaloacha upepo na kivuli vipite pamoja. Mchezo wetu ni huu: kila mtu ataje samaki mmoja kwa Kiswahili kabla hajasoma kibao. Kan'ad ni nguru. Jodari wanajulikana, pweza na ngisi vilevile, papa hakosei mtu. Changu alileta ugomvi ambao haujamalizika. Tulikuwa tunabishana kwa sauti, mzee mmoja aliyekuwa ananunua akageuka. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akauliza lile swali ambalo kila mtoto wa Kizanzibari analijua: "Nyinyi watoto wa nani?" Tukajibu kwa zamu, kwa Kiswahili, majina ya baba na ya babu. Wawili kati yetu alikuwa anawajua babu zao. Akasema, "Nimezowea kuwasikia vijana mkisikia. Leo nawasikia mkisema." Akachukua nguru wake akaenda zake.

Staftahi tunaila kwenye njia ya miguu ya kando ya bahari, ambayo sisi tumeibatiza Forodhani yetu. Kila mmoja huleta alichoweza: chapati, mandazi, vitumbua, maharage ya nazi, mkate wa kumimina, chai ya maziwa yenye iliki kwenye chupa. Anayekaa bweni huchangia riyal moja ya matunda na maji. Mkahawani chakula ni kizuri, lakini utaagiza kwa Kiarabu au Kiingereza, utalipa, utaondoka. Kwenye mkeka mtu huomba, husifu, hukataa, hulazimishwa. "Nipitishie sukari." "Hivi vitumbua nani kavipika, vimekaza." Lugha inafanya kazi yake yote kwenye sahani moja.

Baada ya hapo tunapita sokoni kabla maduka hayajafungwa kwa mchana, kisha tunafuata bahari. Pale Riyam, juu ya jabali, kuna sanamu kubwa nyeupe ambayo kila mtalii huipiga picha. Ni chetezo, kile kile cha udi na ubani kilichoko ukumbini kwa bibi. Kujua jina lake ni jambo dogo, lakini ukishalijua hulioni tena jabali lile kwa jicho la mtalii.

Maskati ya kale imekaa kati ya ngome mbili, Jalali na Mirani, ambazo Wareno walizijenga katika miaka ya 1580. Tunazitazama kutoka upande wa Kasri la Al Alam. Mwaka 1593 Wareno hao hao walianza kuijenga Ngome ya Yesu kule Mombasa. Walitolewa Maskati 1650. Mombasa ilizingirwa tangu 1696, ikaanguka mikononi mwa Waomani 1698. Ukisimama hapo na mwenzako ambaye bibi yake ni wa Mombasa, husomi historia ya nchi mbili. Unatazama ukuta mmoja uliokatwa na bahari.

Mkabala na kasri ni Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa kwa umma 2016. Humo ndani ndimo tulimopata mazungumzo mazito zaidi. Mmoja wetu kwao ni Unguja, mwengine Pemba, mwengine Mombasa, ambako "njoo" ni "ndoo", na mwengine wazee wake walitokea Bujumbura. Tukaanza kuulizana: nyinyi mlirudi lini? Wengine baada ya mapinduzi ya Januari 1964. Wengine baada ya 1970, Sultan Qaboos alipoingia madarakani na kuwaita Waomani walioko nje. Na hilo neno "kurudi" lina maana gani kwa mtu aliyezaliwa Unguja na hajapata kuiona Oman? Hapo tulikwama, na si kwa sababu ya historia tu. Mapinduzi, mkataba, uraia, urithi, kuhama na kuhamishwa: maneno haya hatukuwa nayo. Tulipofikiri kwa nini, jibu lilikuwa rahisi. Kila wazee walipoanza kuyazungumza, sisi tulitumwa chai.

Tumelieleza hili kwa urefu kwa sababu lina haraka. Wazee wanaoweza kutueleza mambo hayo wanapungua, na wengi wao huyaeleza kwa Kiswahili tu, kwa sababu ndicho walichoyaishi. Mjukuu anayeelewa lakini hawezi kuuliza swali la pili atapewa jibu la mtoto. Bibi hasemi zaidi ya anavyoulizwa. Na ujasiri wa kuuliza haupatikani mbele yake, kwa sababu nyumbani ukisema "kitabu yangu" ukumbi mzima unacheka, na mara ya pili hufungui mdomo. Wapo wenzetu walionyamaza hivyo tangu wana miaka kumi. Tumewaona wakisema sentensi nzima kwa mara ya kwanza kwenye mkeka wa Matrah, huku wametafuna mandazi, na hakuna aliyegeuka kuwatazama.

Kwa hiyo, kwa wanaotaka kuandaa mandari yao, haya ndiyo yaliyotufaa. Watu wanne katika gari moja, na awepo mmoja mwenye Kiswahili kizito. Mkizidi, viti vya nyuma vitahamia Kiarabu. Usimsahihishe mtu akiwa katikati ya hadithi, mwache amalize, kisha mrudishie neno ndani ya jibu lako: akisema "kitabu yangu", wewe muulize kitabu chake kiko wapi. Neno likikosekana, lieleze kwa maneno mengine kabla ya kukimbilia simu. Na kila mtu arudi nyumbani na swali moja la kumuuliza bibi, babu au khalati yake, swali ambalo jibu lake si ndiyo wala siyo.

Swali tulilorudi nalo mara hii lilikuwa: siku mliyopanda chombo kuja huku, mlichukua nini mkononi? Majibu ni ya wenyewe, hatuyaandiki hapa bila idhini yao. Tunasema tu kwamba mwenzetu mmoja alikaa na bibi yake mpaka adhana ya alfajiri, na safari hii aliyetumwa chai alikuwa baba mtu.

Mandari ijayo ni Jumamosi ya kwanza baada ya mitihani. Tutaanzia tena Ansab saa moja asubuhi, ya Kiswahili, kisha Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos uliofunguliwa 2001, wenye zulia moja la mita 70 kwa 60. Kina dada wachukue mitandio, na kila gari mkeka mmoja. Walimu wetu, nafasi ipo, na suala la staftahi na chamshakinywa linangoja hukumu yenu. Anayejua changu ni samaki gani hasa naye aje, ila aje na ushahidi.