Tufundishwe kwanza kuanguka

Abiria anayekwenda kwenye mashine ya mawimbi ndani ya meli ya kitalii huelekezwa namna ya kusimama juu ya ubao: miguu hapa, magoti yakunjwe, macho mbele. Kuanguka hutajwa kwa neno moja au mawili, tena pampu zikiwa zimeshaanza kunguruma na foleni inasukumana. Nimeifanya kazi hiyo ya kuelekeza pembeni mwa mashine, kwenye meli za Karibi, na nasema wazi kwamba mafunzo hayo yameanzia mwisho. Anayepanda kwa mara ya kwanza ataanguka tu. Kusimama ni bahati yake.

Mimi ni mtu wa Likoni. Bahari tuliyokulia, ukianguka penye kina inakupokea, unazama kidogo kisha unaibuka. Mashine hii haina kina cha kumpokea mtu. Mmarekani Tom Lochtefeld ndiye aliyeibuni, na ya kwanza ikafunguliwa Texas mwaka 1991, kwenye bustani ya maji ya Schlitterbahn. Mwaka 2006 kampuni ya meli ya Royal Caribbean ikaipandisha juu ya meli yake, Freedom of the Seas. Pampu hurusha zaidi ya lita 100,000 za maji kwa dakika, yakapanda mteremko kwa kasi inayofika kilomita 48 kwa saa. Wimbi halisogei, maji ndiyo yanayokimbia, na wewe uko palepale. Unene wa maji yenyewe ni sentimita chache. Chini yake kuna sakafu ya sponji iliyofunikwa turubai, ambayo kwa anayeanguka vibaya ni sawa na zulia lililotandikwa juu ya saruji.

Wengi huumia kwa njia ileile. Mgeni anaegemea mbele, au anauinamisha ubao kidogo upande maji yanakotokea. Ukingo unazama, maji yanaukamata, na mwili unatupwa chini kabla mtu hajajua kilichompata. Hapo mkono unanyooka wenyewe kuizuia sakafu. Hiyo ni silika ya binadamu, na ndiyo inayovunja vifundo vya mikono na kutegua mabega. Huwezi kumwondolea mtu silika hiyo kwa kupaza sauti juu ya kelele za pampu. Inabidi aonyeshwe kabla, ajaribu, arudie.

Kinachotakiwa si kigumu. Ukihisi umeshindwa, usipigane na ubao. Jishushe, kalia makalio, kidevu kifuani, mikono ukijikumbatia, kisha acha maji yakupandishe mpaka juu nyuma. Usitafute kusimama katikati ya mkondo, maana maji yatakufagia miguu uanguke mara ya pili, safari hii bila kujiandaa. Anayelala kwa tumbo kwenye ubao mdogo aunyanyue ukingo wa mbele kidogo, usichote maji. Na kila mgeni, hata kijana mwenye misuli, aanze na huo wa kulalia.

Kuna mambo mengine ambayo wasimamizi huyakagua haraka mno. Pete, bangili, mikufu na miwani vibaki kabatini. Dada zetu wanaojistiri wavae vazi la kuogelea lenye kuubana mwili na kilemba cha kuvuta, bila pini hata moja. Nimeona mtandio uliofungwa kwa pini ukiachiwa upite, na sikuupenda. Aliyekwisha kunywa bia asipande. Mwenye mimba, mwenye maradhi ya moyo, mgongo au shingo asipande. Mtoto awe na sentimita 132 ndipo alale kwenye ubao, na 147 ndipo asimame. Hivyo ndivyo meli za Royal Caribbean zilivyoweka. Wazazi hubembeleza sana kwenye kile kipimo. Anayesimamia akatae, na mkubwa wake amuunge mkono.

Kisha kuna fomu. Kabla ya kupanda unasaini kwamba ukiumia ni juu yako, na ninaamini fomu hiyo imewafanya wenye meli walegee katika kufundisha. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa nchini Marekani iliitazama kesi ya abiria aliyevunjika kifundo cha mguu kwenye mashine ya Oasis of the Seas, meli nyingine ya Royal Caribbean. Mwalimu alikuwa amemwambia asimame juu ya ubao wa kulalia, kinyume cha kanuni za usalama. Akamshikia ubao huo, kisha akauachia. Mahakama ikasema fomu aliyosaini haiwezi kuilinda kampuni, kwa sababu sheria ya Marekani inamkataza mwenye meli ya abiria inayotumia bandari za nchi hiyo kujivua dhima ya uzembe wa watu wake. Ndugu zetu wa Houston na Dallas wanaopandia meli Galveston walijue hilo. Lakini hukumu haiungi mfupa, na huko baharini hospitali kubwa huwa bandari inayofuata.

Ninachotaka ni hiki: mashine ikiwa imezimwa, kundi lote lishuke kwenye ile sakafu, kila mmoja ajaribu kuanguka mara kadhaa mbele ya mwalimu, na asiyejaribu asipewe ubao. Bustani za maji za nchi kavu, kama Wild Wadi ya Dubai ambako jamaa zetu wengi hupeleka watoto, nazo zifanye vivyo hivyo. Najua jibu nitakalopewa, kwamba foleni itakuwa ndefu na abiria wamelipa nauli ya kustarehe. Basi iwe ndefu. Pembeni mwa mashine kuna viti vya watazamaji. Asiyetaka kusubiri akae huko.