Aliyejiuza anaulizwa, aliyenunua je?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu Waislamu, liko swali ambalo huulizwa mara kwa mara katika darsa, barazani na hata majumbani mwetu. Ni kitu gani kinachomfanya mwanamke, na mara nyingine binti wa Kiislamu aliyehitimu chuoni, akauza mwili wake? Kwa nini ameuchagua ukahaba ilhali milango ya halali ni mingi? Swali lenyewe si baya. Uzuri au ubaya wake unategemea nia ya muulizaji, na pia kama yuko tayari kulisikiliza jibu lake lote.

Yapo maulizo ya namna mbili. Kuna ulizo la mpekuzi, ambaye hutaka kujua nani ameonekana wapi, akiwa na nani, na usiku wa saa ngapi. Akishajua hupata la kusimulia, na habari huishia hapo. Huo ni upekuzi uliokatazwa katika Suratul Hujuraat, aya ya 12, sambamba na dhana mbaya na kusengenyana. Na akivuka mpaka, akamtuhumu mwanamke aliyejihifadhi kuwa ni mzinifu pasi na mashahidi wanne, Suratun Nuur, aya ya 4, imemwekea adhabu ya viboko 80 na kukataliwa ushahidi wake. Tazama basi wepesi wa ndimi zetu tunapomwita mtoto wa mwenzetu malaya kwa sababu tu amerudi nyumbani usiku! Kisha kuna ulizo la tabibu, ambaye huuliza ugonjwa umeanzia wapi ili apate kuutibu. Hilo ndilo tunalolikusudia leo.

Kabla ya kuendelea, tuuweke msingi mahali pake. Zinaa ni haramu, na Suratul Israa, aya ya 32, imekataza hata kuikaribia. Pato la kahaba nalo limekatazwa katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Katika hili wanazuoni hawana khilafu, na lolote litakalosemwa hapa chini lisichukuliwe kuwa ni kuihalalisha haramu. Lakini tuangalie jambo moja. Aya inayotangulia katazo hilo, yaani ya 31, inawakataza watu kuwaua watoto wao kwa kuogopa umaskini. Khofu ya ufukara imetajwa kwanza, kisha ikafuatia zinaa. Mwenye kuzingatia atapata funzo katika mpangilio huo.

Je, Qur'ani Tukufu imeuzungumziaje ukahaba wenyewe, yaani zinaa inayofanywa biashara? Rejea Suratun Nuur, aya ya 33. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (R.A) kuwa Abdullah bin Ubayy, mkuu wa wanafiki wa Madina, alikuwa na wajakazi aliowalazimisha kufanya ukahaba ili yeye apate fedha. Wakamshitakia Mtume (S.A.W), na aya ikateremka. Sasa zingatia inamsemesha nani. Haikumgeukia mjakazi kumuuliza kwa nini amefanya. Imemgeukia anayemlazimisha, ikamkataza, na ikataja sababu yake, nayo ni kutafuta pato la maisha ya dunia. Ama wale waliolazimishwa, aya imewahitimishia kwa kutaja msamaha na rehema za Mwenyezi Mungu.

Hivyo ndivyo Qur'ani inavyotufundisha kuuliza. Pale penye mwili unaouzwa, tafuta kwanza nani anakula faida na nani ameshika ufunguo wa mlango.

Msomaji ataniambia: Sheikh, hao walikuwa watumwa. Hawa wa leo wanatoka kwa miguu yao wenyewe, hakuna aliyewafunga kamba. Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake limo katika Hadithi mashuhuri ya watu watatu walioingia pangoni, jiwe likaanguka na kuwazibia njia. Kila mmoja alimuomba Mola wake kwa amali aliyoifanya kwa ikhlasi. Mmoja wao alitaja habari ya binti wa ami yake aliyempenda mno. Alimtaka, naye akakataa. Kisha ukaja mwaka wa ukame, dhiki ikamfika yule binti, akaja mwenyewe. Katika riwaya ya Bukhari, alimpa dinari 120 kwa sharti la kujisalimisha kwake. Wakati ulipofika binti alimkumbusha haki ya Mwenyezi Mungu. Yule bwana akainuka, akamwacha, na ile dhahabu nayo akamwachia.

Mwanamke huyu alikuja kwa miguu yake, hakuburutwa na mtu. Je, tuseme amechagua? Ni mwanamke yule yule aliyekataa mwanzo, mwenye imani ile ile na haya ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mvua haikunyesha, na kwamba aliyekuwa na dinari hakutaka kuzitoa bure. Wala hakuwa mtu baki, bali ni jamaa yake wa damu! Lau angempa tangu siku ya kwanza kwa ajili ya udugu, kisa chote cha zinaa kisingekuwepo. Ndiyo maana toba yake haikutimia kwa kuinuka tu. Ilitimia alipomwachia na mali, kwa sababu dhiki iliyomleta yule binti ilikuwa bado iko pale pale.

Masahaba waliielewa fiqhi hii. Amepokea Bayhaqi kuwa aliletwa mbele ya Sayyidna Umar (R.A) mwanamke aliyezini. Alikuwa amezidiwa na kiu njiani, akamuomba mchungaji maji, naye akamnyima mpaka ajitoe kwake. Umar akataka shauri. Sayyidna Ali (R.A) akasema huyu ameshurutika, aachiwe, na akaachiwa. Hawakusema kwamba zinaa imekuwa halali. Walitazama ni nani aliyekuwa na maji mkononi.

Basi na tuitazame historia yetu hapa Afrika Mashariki. Mji wa Nairobi ulipokuwa ukikua chini ya ukoloni, ulivuta wanaume wengi wa vibarua ambao mishahara yao haikutosha kuweka mke na watoto mjini. Mwanahistoria Luise White aliwahoji wazee wa mji huo, wanawake kwa wanaume, na mwaka 1990 akachapisha kitabu juu ya ukahaba wa zama hizo. Anaeleza kuwa wapo mabinti walioingia katika kazi hiyo baada ya familia zao kupoteza mifugo kwa sotoka na ukame wa miaka ya 1890, na fedha walizopata zikarudi nyumbani kununua mifugo mingine. Wengine walijenga nyumba katika mitaa ya Pangani na Pumwani, na katika hao wamo waliosilimu na kuzeekea mitaani humo. Kwa hiyo fedha ya aibu ilinunua ng'ombe, na ng'ombe wakatolewa mahari ya kaka. Jina baya lilibaki kwa dada peke yake, lakini faida iligawanywa ukoo mzima.

Na hapa kwetu Pwani? Mwaka 2006 Serikali ya Kenya pamoja na shirika la UNICEF zilitoa ripoti kuhusu watoto wanaotumiwa katika biashara hii. Ilikadiria kuwa wasichana kati ya 10,000 na 15,000, wenye umri wa miaka 12 hadi 18, walikuwa wakiingia katika ukahaba kwa vipindi katika maeneo ya Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani. Tulizoea kuwalaumu watalii, na watalii walikuwemo kweli. Lakini ripoti hiyo ilionyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya wanunuzi walikuwa Wakenya wenyewe. Mtoto wa miaka 13 haambiwi amechagua. Huyo amedhulumiwa, na Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka huo huo wa 2006 imemhesabu anayemnunua na anayemuuza kuwa wahalifu.

Iko hoja nyingine ambayo haifai kupuuzwa. Maskini ni wengi, na walio wengi katika wao hawajiuzi. Yupo mjane anayeamka alfajiri kukanda unga wa mahamri, yupo anayefua nguo za watu, na wote wamehifadhi heshima zao. Ni kweli, na Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Kwa hiyo umaskini peke yake si jibu. Wako pia walioingia kwa tamaa, na kwa kutaka simu na mavazi kama ya wenzao. Lakini ukichunguza maisha ya wengi waliosalimika utakuta palikuwa na mkono ulioshika. Palikuwa na kaka asiyekula mirathi ya dada yake, shangazi aliyetoa chumba, au jirani aliyekopesha unga bila ya kutangaza. Na ukichunguza wengi waliotumbukia utakuta mkono huo ulikosekana siku ulipohitajika. Tunaposifu subira ya mjane, basi, tujiulize na sisi tulimsaidia kwa lipi.

Ikiwa hivyo ndivyo, yako mambo ambayo yako mikononi mwetu, na tutaulizwa kwayo.

La kwanza ni haki za wanawake zilizokwisha kugawanywa na Mwenyezi Mungu. Binti ana fungu lake katika mirathi, na aliyeachwa ana haki katika eda yake, na watoto wana masurufu juu ya baba yao hata baada ya talaka. Baba anayetoa talaka kisha akatoweka, akamwacha mama na watoto watatu katika chumba cha kupanga, asishangae akisikia habari asizozipenda. Yeye ni miongoni mwa majibu ya lile swali.

La pili ni zaka na sadaka. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyetoa sadaka usiku, asubuhi watu wakazungumza kuwa imeangukia mikononi mwa mzinifu. Akahuzunika, lakini akaambiwa kuwa huenda sadaka hiyo ikawa sababu ya mwanamke yule kujizuia na zinaa. Kamati zetu za misikiti hujua sana kuchangisha mazulia na mapanka. Ni ngapi zina fungu la mwanamke anayedaiwa kodi ya miezi mitatu, na mwenye nyumba ameanza kumtolea maneno ya pembeni?

La tatu ni kumsemesha mnunuzi. Suratun Nuur, aya ya 2, imewataja mwanamke na mwanamume kwa pamoja, na adhabu yao ni moja. Amri ya kuinamisha macho, aya ya 30, wameanza kuambiwa wanaume. Lakini sisi mume akinunua tunasema ni ujana utapita, na mwanamke akiuza tunasema ameharibika milele. Mizani hiyo hatukuipata katika Qur'ani.

La nne ni kuuacha wazi mlango wa toba. Mwanamke anayetaka kutoka katika haramu huuliza: na hizi fedha nilizonazo nizifanyeje? Ibn Taymiyya amefutu kuwa mali hiyo hutolewa sadaka. Lakini akitubu naye ni fakiri, inafaa apewe humo kiasi cha haja yake, na akiweza biashara au ufundi, apewe mtaji. Tazama hekima ya wanazuoni! Hawakumtaka atubu kisha afe njaa, kwani njaa ingemrudisha alikotoka. Na akifariki Muislamu mwenye jina hilo, yeyote asidiriki kusema hasaliwi. Mtume (S.A.W) alimsalia mwanamke wa Juhayna aliyekiri zinaa. Umar alipohoji, akaelezwa kuwa toba ya mwanamke yule lau ingegawanywa kwa watu 70 wa Madina ingewatosha. Iwapo toba ya namna hiyo imo katika kifua cha mtu, nani kati yetu ana mizani ya kuipimia?

Ndugu Waislamu, tuendelee kuwalea mabinti zetu kwa haya na stara, na vijana wetu wa kiume vile vile. Na siku swali hili litakapozuka tena barazani, jibu lianze na orodha ya walionunua, waliokula, waliodhulumu na walionyamaza. Kisha kila mmoja ajitazame yumo katika fungu gani.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awasitiri mama zetu, dada zetu na mabinti zetu, awakunjulie riziki za halali walio katika dhiki, awakubalie toba waliorejea, na atujaalie kuwa sababu ya kheri wala tusiwe sababu ya maangamio ya mtu. Amin.

Wabillahi tawfiiq.