MASTAA, POMERANIAN SI POCHI!

Mjini hapa kila ukifungua Insta unakutana na kijibwa kipya cha staa. Manyoya tele, macho kama shanga, kautepe ka pinki kichwani, na chini imeandikwa "mwanangu". Laiki zinamiminika. Miezi minne baadaye kijibwa hakionekani tena, na mdau akiuliza kwenye komenti "mwanao yuko wapi?" anapigwa bloku.

Wa juzi ni mrembo mmoja wa video za Bongo Fleva, jina kapuni. Kambeba Pomeranian wake hadi Coco Beach saa saba mchana, Februari hii yenye joto la kukaangia mayai, eti picha. Mbwa ulimi nje, anahema utadhani katoka marathoni. Mashabiki: "Jamani anacheka!" Anacheka nini? Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama binadamu, anajipoza kwa kuhema. Na huyu kavaa makoti mawili: manyoya marefu juu, sufi nzito chini. Ukoo wake ni mbwa wa nchi za baridi, na jina limetoka Pomerania, pwani ya Bahari ya Baltiki, ambako leo kipande kiko Ujerumani na kingine Poland. Zamani walikuwa wakubwa. Hivi vidogo vilipata chati baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kujipatia wake kule Florence mwaka 1888. Kwa hiyo hata kutokea na kijibwa mkononi hakukuanzia Masaki.

Wapo wanaojifanya wajanja: joto limezidi, basi mnyoe kipara. Wapi! Hilo koti likinyolewa linaweza lisiote tena vizuri, na ngozi inabaki inachomwa na jua. Kazi yenyewe ni kuchana mara kadhaa kwa wiki mpaka kwenye ile sufi, kumtoa alfajiri na jioni, maji yasikosekane. Kazi ya kila siku hiyo, haina kamera.

Na mwili wa kilo mbili usimdanganye mtu, ana nguvu balaa. Asipochezeshwa na kufundishwa anabweka mpaka majirani wanatafuta mjumbe. Halafu anavutwa kwa cheni ya shingoni wakati koo lake ni dhaifu, badala ya mkanda wa kifuani. Bethdei yake anakatiwa keki ya chokoleti, ambayo kwa mbwa ni sumu!

Watetezi watakuja: "Hela zake, mbwa wake, acheni wivu." Sawa. Ila anayemlea si mwenye hela.

Anayemlea ni dada wa kazi. Kaajiriwa kupika na kufua, ghafla kaongezewa mbwa bila kuongezewa hata mia. Bosi yuko Dubai wiki mbili. Dada hakuambiwa kwamba mtoto wa Pomeranian akikaa saa nyingi bila kula sukari inashuka, anatetemeka, anazimia, anaweza kufa. Hakuonyeshwa kadi ya chanjo, kama ipo. Hakuachiwa namba ya daktari wa mifugo wala nauli ya bajaji kumfikisha huko.

Ndivyo ilivyokuwa kwa msanii mmoja wa kiume, naye jina kapuni. Kijibwa kilianza kutetemeka usiku, dada kapiga simu weee, bosi yuko stejini. Asubuhi kikawa kimekufa. Staa akaposti picha nyeusi, mashabiki wakamwaga machozi komenti kwa maelfu, mastaa wenzake wakampa pole. Dada yeye aliambiwa "umeniulia mwanangu", mshahara wa mwezi ukakatwa wote, akaonekana stendi ya Magufuli na begi lake akisubiri basi la kwao. Kwenye komenti zote zile hakuna aliyemuulizia.

Wiki ya tatu staa kaposti kingine, safari hii cheupe. Pembeni ya picha kuna mkono umeshika bakuli la maji. Dada mpya.