Chuma Kikivunjika, Tusilaumiwe Sisi



Kila chombo kinapovunjika kazini, neno la kwanza kutoka ofisini ni "uzembe". Pini ya trela ya miwa ikikatika huku Busia, dereva ni mzembe. Gia ikipasuka kiwandani Tororo, mtu wa zamu ni mzembe. Sisi twasema: kabla ya kuandika barua ya onyo, chuma chenyewe kitazamwe.

Vyuma havina tabia moja. Chuma laini, kama cha minyororo, hupinda na kurefuka kabla ya kukatika, kinakuonya. Chuma cha kumimina, ambacho hutengenezewa miili ya pampu, hustahimili sana kugandamizwa, lakini kikipigwa au kuvutwa hupasuka ghafla kama chungu. Hata zege la saruji, hiyo inayopikwa Tororo tangu miaka ya 1950, liko hivyo hivyo: hubeba uzito, ila halistahimili kuvutwa, ndiyo sababu hutiwa nondo.

Tena chuma huchoka, kama sisi. Pini inayovutwa na kulegezwa maelfu ya mara huanza ufa mdogo penye kona, mkwaruzo au kutu, hata kama mzigo haujazidi kipimo. Ufa hukua polepole mpaka sehemu iliyobaki ishindwe. Ukitazama palipokatika, sehemu ya ufa wa zamani mara nyingi ni laini, pengine ina mistari kama ile maji yaachayo ufukoni, na kutu. Sehemu iliyokatika siku ile hung'aa na ina chengachenga. Kutu ikiwa imeshaingia ndani ya ufa, dereva wa asubuhi ile ana kosa gani?

Kwa hiyo twadai kwamba kipande kilichovunjika kiwekwe mpaka mwakilishi wa wafanyakazi akione. Hapa mpakani vyuma chakavu havikawii kupata mnunuzi, na ushahidi huondoka navyo. Kutunza mitambo iwe salama ni wajibu wa mwajiri, kwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 na ile ya Kenya ya mwaka 2007.

Nanyi wawakilishi, mkifika msisugue palipokatika, wala msijaribu kuunganisha vile vipande viwili. Alama hufutika.